Wavu Uliokaa na Wavu Uliochungulia

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji, ambacho sisi sote tulikiita thieta, Sista Mkuu hakuniuliza nilisomea wapi wala nilipata alama gani. Alinipa rundo la shashi, vile vitambaa vyepesi vyeupe vya kufyonzea damu, akasema, "Hesabu." Nikahesabu. Akasema, "Hesabu tena." Nikamjibu kwamba nilikuwa nimeshahesabu mara mbili. Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mama yangu anauza nyanya na vitunguu hapo sokoni Machakos."

"Basi utafaa," akasema, akaenda kunawa mikono.

Shashi huhesabiwa kabla tumbo halijafunguliwa, na huhesabiwa tena kabla halijafungwa, kwa sauti, watu wawili wakitazama. Ikipungua moja, hakuna kushona, hata kama daktari anangojewa kwenye harusi yake mwenyewe. Daktari mmoja alichoka kunisubiri, akatishia kunihamishia Masinga nikauguze samaki wa bwawa. Shashi ilipatikana imenata chini ya kiatu chake. Tulicheka sote, hata yeye, ila mgonjwa, ambaye alikuwa bado amelala.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Mumbuni, na kazi niliiendea kwa miguu. Mshahara wa nesi mpya ulikuwa wa kukufundisha adabu, kwa hiyo jioni nilipitia sokoni wakati wauzaji wanafunga, maana mboga iliyokaa juani kutwa haina kiburi. Nawaambia haya ili mjue nilikotoka. Shule ilinifundisha majina ya mifupa. Sokoni nilijifunza kumtazama mtu anapozungumza na kusikia kile ambacho hajakisema, na kazi ninayotaka kuwasimulia ilinidai vyote viwili.

Baada ya miaka michache nilihamishwa kutoka thieta hadi kliniki ya magonjwa ya akina mama. Huko nikawa chini ya Metroni, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hakupandisha sauti kwa sababu hakuna aliyewahi kumlazimisha. Wagonjwa wengi walikuja wakisema wanaumwa mgongo. Mimi niliandika mgongo. Metroni akanivuta pembeni.

"Sista, mama akikwambia mgongo, mwulize mkojo. Akikwambia mkojo, mwulize anakaa vipi kitini. Usimwulize kama daktari. Mwulize kama mtu anayetaka kujua bei."

Hapo ndipo nilipokutana na ugonjwa wa kizazi kushuka. Niwaeleze kwa lugha ya kawaida. Kizazi, kibofu cha mkojo na mwisho wa utumbo vimeshikiliwa ndani ya nyonga kwa misuli na kano. Mwanamke akizaa mara nyingi, au uchungu ukimkawilia, kisha arudi kubeba mtungi wa maji mgongoni na mkanda wa mukwa ukiwa umemkaza kipaji cha uso, zile kano hulegea. Viungo huanza kuteremka. Kwanza anahisi uzito, kama ameketia mpira. Baadaye kitu kinatokeza nje. Anakirudisha kwa kidole, anajifunga kitambaa, anaenda kulima. Wengine waliishi hivyo hata wakapata wajukuu. Hawakukitaja kwa jina. Walisema "kile kitu", wakatazama dirishani.

Dawa zetu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni pete ya mpira, ambayo huwekwa ukeni ili kuzuia kizazi kisishuke. Inafaa, ila lazima itolewe na kuoshwa kila baada ya muda. Mama mmoja alinirudishia yake ikiwa imefungwa vizuri kwenye gazeti. "Chukua, mpe mwingine," akasema. "Nilivishwa moja na padri, na hiyo pia bado sijaizoea." Dawa ya pili ilikuwa upasuaji: kukitoa kizazi kupitia chini, kisha kuzikaza kuta za uke kwa nyama yake mwenyewe mgonjwa. Wengi walipona. Lakini kwa baadhi yao nyama ile ile iliyolegea mara ya kwanza ililegea tena, na mwanamke aliyepasuliwa akarudi amenyong'onyea kuliko alivyokuja, kwa kuwa sasa alikuwa hana tena cha kutumainia.

Basi mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini akaanza kututembelea Daktari Bingwa kutoka Nairobi. Alikuwa mtu wa magharibi ya nchi, mnene, mpole, mwenye vidole vyembamba ambavyo havikulingana na mwili wake. Alikuja mara moja kwa mwezi, nami nikarudishwa thieta kumhudumia. Siku ya kwanza alifungua pakiti akanionyesha kipande cheupe chenye matundu.

"Sista, unajua hii ni nini?"

"Neti ya mbu, Daktari. Ila umepunjwa, ni ndogo."

Alicheka mpaka barakoa ikamteleza puani. Ulikuwa wavu wa uzi wa plastiki usiooza, ambao mafundi wa kupasua ngiri waliutumia kuziba matundu ya tumbo. Yeye aliukata kwa mkasi, akaupa umbo. Halafu alifungua tumbo, akashona ncha moja juu kabisa ya uke na ncha nyingine kwenye mfupa ulio chini ya uti wa mgongo, kwa ndani, kama unavyofunga chandarua kwenye msumari wa dari. Nyama ya mgonjwa hukua ikapenya katika yale matundu, na baada ya muda wavu na mwili huwa kitu kimoja. Ilikuwa kazi ndefu na ya jasho. Tuliwafanyia wale ambao kizazi kilikuwa kimeshatolewa zamani na sehemu ya juu ikaporomoka tena.

Miaka ilienda. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ukaja wavu wa mtindo mwingine, unaoingizwa kupitia chini kwa sindano ndefu zilizopinda, bila kulifungua tumbo. Ulikuwa wa haraka, na mgonjwa aliamka mapema. Daktari mgeni kutoka ng'ambo alitufundisha, tukawafanyia akina mama kadhaa, wengi wao wa upande wa Masii. Wa kwanza wao alikuwa Mwaitu Syokau, maana kwetu mama huitwa mwaitu, msusi wa vyondo, vile vikapu vya mkonge, na kiongozi wa nyimbo kanisani kwao. Alikuwa na sauti ambayo hata nusukaputi haikuizima mara moja. Aliimba mpaka macho yakafumba. Alipotoka wodini alinishika mikono yote miwili akasema, "Sista, leo naweza kusimama."

Wote walirudi nyumbani. Na hapo, wanangu, ndipo penye ugumu wa kazi yetu. Upasuaji unaonekana siku hiyo hiyo. Matokeo yake yanaonekana baada ya miaka, na baada ya miaka mgonjwa yuko kwake, mbali, akilima pojo. Nani atajua?

Msimamizi wetu wa hospitali alikuwa daktari kijana, mchapakazi, mwenye haraka ya mtu anayependa watu. Kazi ya kuwafuatilia wale akina mama alimpa Bwana Mutinda, afisa wa kliniki, kwa sababu alizijua njia zote za Masii na alikuwa amepata mke huko. Mutinda alikwenda, akazunguka, akarudi.

"Wanaendeleaje?" Msimamizi akamwuliza mbele yetu sote.

"Wazima, Daktari."

"Wangapi?"

"Wote niliowapata."

Msimamizi alipiga meza kwa furaha. Wahisani walikuwa wametuletea maboksi ya ule wavu wa kupitia chini, yamejaa stoo hadi tukakosa mahali pa ndoo. Akaamua kufanya kambi kubwa ya upasuaji. Kila mama mwenye kile kitu aje, atiwe wavu, aende nyumbani. Tangazo likatolewa redioni kwa Kikamba.

Mimi nilikuwa nimefurahi kama wengine, ila neno "wote" lilinitia shaka. Nilimfuata Msimamizi ofisini.

"Sista, Mutinda amesema wote wazima. Unataka nini tena?"

"Daktari, hata harusini si wote hushiba."

"Wewe hata ukipewa bure utauliza bei."

"Hasa nikipewa bure," nikamjibu. Alicheka, lakini kambi ilikuwa imeshatangazwa.

Siku ya soko nilikwenda Masii kununua kyondo cha kumpelekea dada yangu. Nilimkuta Mwaitu Syokau na bidhaa zake zimetandazwa juu ya gunia, yeye ameketi upande mmoja, mguu mmoja umekunjwa. Tulisalimiana kwa Kikamba, tukaulizana watoto. Nikachagua kyondo cha mkonge chenye mistari ya kahawia, kazi safi kabisa. Akataja bei. Nami, kama desturi, nikatupa bei ya kuchekesha, ya kufungulia mazungumzo tu, ile ambayo muuzaji anatakiwa kukutukania ukoo wako kidogo.

"Haya, chukua," akasema.

Nilishtuka. Mama wa Masii akikubali bei ya kwanza, mwite daktari. Nikakirudisha kyondo pale guniani, nikachuchumaa karibu yake.

"Mwaitu, unaumwa."

"Niko mzima, Sista. Chukua kyondo, jua linawaka."

"Mtu mzima hawezi kuniuzia kazi ya majuma mawili kwa bei ya sukumawiki. Unataka niondoke upesi. Kwa nini?"

Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia. Akatazama kushoto na kulia. Jirani yake alikuwa akibishana na mteja juu ya mbaazi, hakusikia.

"Kuna kitu kinanichoma huko chini," akasema polepole. "Kama ncha ya mkonge iliyobaki nje ya ususi. Na damu, kidogo kidogo, kila siku. Na harufu. Kanisani nakaa mlangoni sasa, siimbi."

"Na Mzee?"

"Mzee alichomwa mara moja tu, akahamia jikoni. Anasema huko kuna joto."

Sikujua nicheke au nilie, na yeye aliona, akanipiga bega. "Cheka tu, Sista. Mimi nilicheka kwanza."

"Mwaitu, hiyo ni neti inachungulia. Njoo tuiangalie. Inaweza kukatwa."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. "Ikikatwa, kile kitu kitarudi? Niliishi nacho miaka yote ile. Sitaki kurudi huko. Wakinitoa neti nianguke tena? Afadhali nichomwe."

Sikutaka kumdanganya. Nilimwuliza tu mbona hakumwambia Mutinda alipokuja kumwona nyumbani.

Alijifunika uso kwa leso kana kwamba nimemvua nguo pale sokoni. "Mutinda? Nimwambie Mutinda? Yule ni mkwe wangu!"

Kwa wasio Wakamba, na kwa Wakamba mliokulia mjini, nieleze. Mke wa Mutinda alikuwa mtoto wa dada yake Syokau. Kwetu dada ya mama mkwe naye ni mama mkwe, kamili, bila punguzo. Kati ya mkwe mwanamume na mama mkwe kuna nthoni, yaani aibu ya heshima. Wakikutana njiani, mmoja hukwepa. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala hawataji mambo ya mwili. Na rika lote la mama mkwe, pale kijijini, humhesabu kijana huyo hivyo hivyo. Tulikuwa tumemtuma mwanamume mmoja, katika wilaya nzima, ambaye wanawake wale wasingeweza kumwambia neno, tena tulimtuma kwa sababu alikuwa mwenyeji wao.

Nilirudi Machakos bila kyondo. Mutinda nilimkuta kliniki akinywa chai. Nilipomweleza alikiweka kikombe chini.

"Sista, ungetaka nifanye nini? Nilisimama uani. Yeye alikuwa ndani, mlango umeegeshwa. Nikauliza, 'Mwaitu, uko mzima?' Akasema, 'Niko mzima.' Nimvue sketi? Wangenitoza mbuzi mpaka nistaafu."

"Na wale wengine ulioenda kwao? Wangapi ni wakwe zako?"

"Mimi nimeoa Masii, Sista," akasema kwa huzuni ya kweli. "Masii yote ni wakwe."

Kisha akainuka mwenyewe kabla sijamwomba. "Twende kwa Msimamizi. Mimi ndiye nilisema wote wazima. Wacha niseme mimi."

Msimamizi alitusikiliza huku akizungusha kalamu. Alikasirika, na hasira yake sikuilaumu. Redio ilikuwa imesema, akina mama walikuwa wakijiandaa, wengine walikuwa wameuza kuku wapate nauli. "Kwa hivyo nifanye nini? Niwarudishe? Mama mmoja akichomwa, niwanyime mia?"

Daktari Bingwa alikuwa amefika kwa zamu yake ya mwezi, ameketi pembeni akila karanga. "Huenda ni mmoja," akasema. "Huenda ni wote. Mimi sijui, na wewe hujui, na hilo ndilo tatizo letu. Kabla sijaweka neti mpya hata moja, nataka kuona za zamani. Zote. Za tumboni na za chini."

"Nani atawaona, kama wanaona aibu?"

Daktari akanielekezea kidole chenye unga wa karanga. "Huyu. Na nesi mwingine wa kike asiye na ukoo huko. Nitawafundisha."

Basi akatufundisha, mimi na nesi mmoja Mluhya aliyekuwa ameolewa Taita, ambaye Masii ilikuwa haimdai nthoni yoyote. Tulijifunza kutumia spekulamu, kile kifaa cha kufungulia njia ili uone ndani. Kumwambia mama akohoe huku tukitazama ni ukuta gani unashuka. Kupitisha kidole polepole na kusikia kama kuna mahali panakwaruza. Na tulijifunza maswali. Si "uko mzima?" kamwe. Tuliuliza: Unakojoaje? Unakaa vipi? Mzee analala wapi?

Tukaazimwa ukumbi wa kanisa huko Masii. Mutinda ndiye aliyeendesha gari, na alipotushusha aliliegesha nyuma ya posho mill, pale wanaposaga unga, akaligeuza litazame Machakos. Wanawake walichungulia kwanza wakahakikisha ni kisogo chake wanachokiona. Ndipo wakaingia.

Sitasahau siku zile. Waliofungwa wavu kupitia tumboni, kutoka miaka ya mwanzo ya Daktari Bingwa, walikuja wakitembea wima kama wanaopeleka mahari. Mmoja alikuwa na uzi uliojitokeza, tukautoa papo hapo. Mwingine alilalamika choo kigumu. Lakini wavu ulikuwa umekaa. Miaka ilikuwa imepita, walikuwa wamelima, wamebeba, wamekohoa, na kule juu hapakuwa pameteremka. Mmoja wao alituambia mumewe alinunua punda wa maji baada ya kumsikia daktari akikataza mizigo, na kijiji kizima kikasema mzee amerogwa. "Basi aendelee kurogwa," akasema.

Kisha wakaja wale wa kupitia chini. Wengine walikuwa salama kabisa, na lazima niseme hivyo, kwa maana ukihesabu hasara bila faida wewe si mhesabu, ni mlalamikaji. Lakini wengine, mmoja baada ya mwingine, nilipopitisha kidole, kilikwaruza. Nyama ilikuwa imekonda juu ya wavu, hasa kwa waliokoma hedhi, na wavu ukachungulia. Wote walikuwa wamemwambia Mutinda kupitia mlangoni kwamba ni wazima. Niliwahesabu. Nikawahesabu tena. Nilitamani hesabu ya pili inikosoe, haikunikosoa.

Tulimpelekea Msimamizi matokeo. Aliyasoma mara mbili. Halafu akafanya jambo ambalo kwa macho yangu ndilo lililomfanya kuwa kiongozi: alikwenda stoo mwenyewe akaufunga mlango, akasema, "Kambi itakuwepo. Nyavu hizi hazitakuwepo. Mtu akitupatia kitu bure, si lazima tukivae." Kambi ikafanyika. Wengi walishonwa kwa nyama yao wenyewe, kwa njia ya zamani, vizuri na bila haraka. Wale walioporomoka juu walifungwa wavu kupitia tumboni. Waliotaka pete walipewa, tukawafundisha kuiosha.

Lakini mimi nilikuwa na deni la jibu. Mwaitu Syokau alikubali kuja, baada ya majuma mawili ya kunikatalia. Alipolala mezani alimshika Daktari Bingwa mkono.

"Daktari, ukinitoa neti nikaanguka, utanibeba wewe?"

"Mwaitu, sitaitoa yote. Nitakata ile iliyochungulia tu, na kuifunika kwa nyama. Ile iliyoshika, nitaiacha ishike. Siwezi kukuapia. Naweza kukuambia nitakachofanya."

"Hayo ni maneno ya mtu anayeuza kwa haki," akasema, akafumba macho.

Kipande alichokitoa kilikuwa kama ukucha. Kitu kidogo hivyo kilikuwa kimemwondoa kwenye kwaya na kumhamishia mzee jikoni. Tukamfunga, tukampa mafuta ya homoni ya kunenepesha ngozi ya ndani, akarudi nyumbani. Nilikwenda mwenyewe kumwona kila nilipopata nafasi. Mara ya kwanza kidonda kilikuwa kinapona, lakini bado ilikuwa mapema kusema. Mara ya pili, damu ilikuwa imekoma. Ndipo nikamwambia alale, akohoe. Nikaangalia ukuta wa mbele. Nikamwambia akohoe tena, kwa nguvu.

"Unataka nikohoe mapafu yatoke?"

"Kohoa, Mwaitu."

Haukushuka. Nikapitisha kidole: laini pote, hakuna kinachokwaruza. Nilimwambia. Aliinuka, akajifunga leso, akatoka nje uani, na pale pale mbele ya kuku akaanza kuimba. Mzee akatokea jikoni na kijiko mkononi. Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani kwao makusudi. Hakukaa mlangoni.

Tangu hapo hospitali yetu ikawa na kliniki ya kila mwaka ya akina mama waliopasuliwa, na wachunguzi wote wakawa wa kike. Mutinda alibaki dereva wetu mwaminifu na mwangalizi wa gari. Mwaka hadi mwaka tuliwaona. Wachache walirudi mezani, na hilo halikutushangaza, mwili ni mwili. Wengi walisimama. Miaka baada ya mimi kustaafu nikasikia kwamba hata ng'ambo akina mama walikuwa wamelalamika juu ya ule wavu wa kupitia chini, na mahali pengi ukaachwa. Sikushangilia, nilisikitika kwamba na huko pia walichelewa kuulizwa. Ila nilitembea siku hiyo Mumbuni nikiwa mrefu kidogo.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya elfu mbili. Watu huniuliza kazi imeniachia nini, nami nawajibu magoti mabovu na majirani wanaotaka ushauri bila kulipa. Lakini nikikaa mwenyewe nakumbuka siku yangu ya mwisho kliniki. Benchi lilikuwa limejaa wageni, akina mama ambao hawajapasuliwa bado, wametazama sakafu. Mwaitu Syokau alikuwa ameshachunguzwa, yuko salama kama miaka yote iliyotangulia, na angeweza kwenda zake. Akasimama mbele yao, mikono kiunoni.

"Nyinyi mmekuja kusema mnaumwa mgongo," akawaambia. "Hata mimi nilisema mgongo. Halafu nikasema niko mzima, nikaoza taratibu kwa heshima. Huko ndani kuna wanawake. Watajieni kitu chenyewe. Sema kinatoka, sema kinachoma, sema mzee amehama. Mimi hivi mnavyoniona hapa, nilikuwa navuja damu. Leo nabeba wajukuu wawili, huyu mbele, huyu nyuma, na jioni naimba."

Kisha kutoka mwisho wa foleni akajitokeza mama mmoja wa makamo ambaye hakuwa mgonjwa wetu. Alikuwa amemsindikiza tu binti yake aliyejifungua karibuni, na asubuhi nzima alikuwa amekataa kiti akisema amezoea kusimama. Akampa binti yake mkoba.

"Sista," akasema, sauti yake ikisikika hadi dirisha la dawa, "kabla ya huyu mtoto, anza na mimi. Kinatoka. Kimekuwa kikitoka tangu nilipomzaa yeye."

Binti alimgeukia mama yake, mdomo wazi. Na wale wanawake wote waliokuwa mbele yake kwenye foleni wakavuta miguu, mmoja baada ya mwingine, wakampa njia.